Georges Méliès: Buda Aliyejizidisha Mara 7 Kwa Video Moja, Mwaka 1900

Zile klipu za msee mmoja anabishana na yeye mwenyewe unazijua. Kijana amekaa kwa kiti kama buda wa nyumba, halafu anaingia yeye huyo huyo amejifunga leso kama mathe, halafu anapita tena kwa mlango kama mtoto ameagizwa sukari akarudi bila chenji. Flaqo ametoboa na hiyo kitu hapa Kenya, na siku hizi hata Hola, ukipita chini ya miembe jioni jua likipungua makali, utapata mbogi imesimamisha simu juu ya matofali, mmoja anakimbia kubadilisha shati, mwingine anapiga kelele ati hakuna mtu kugusa hiyo simu.

Wengi hudhani hii ni kitu ya TikTok. Wengine watakuambia ni ya muvi za Eddie Murphy. Zote zimechelewa. Mwenye hii trick alikuwa Mfaransa kipara na masharubu marefu, amezaliwa 1861, na mwaka 1900 alikuwa ameshajiweka mara saba kwa fremu moja, bila kompyuta, bila simu, bila hata stima ya kutegemea. Anaitwa Georges Méliès. Stori yake iko na kuomoka, kuibiwa, mkataba mbaya na moto. Kaa chini.

Méliès alizaliwa Paris tarehe 8 Disemba 1861, kwa familia ya ganji. Mzae wake alikuwa na kiwanda cha viatu, na mpango wa familia ulikuwa wazi: vijana watatu, Henri, Gaston na Georges, wote waingie kwa viatu. Georges alikuwa mtu wa kuchora. Alitaka kusomea uchoraji, mzae akakataa katakata, hakuna pesa ya mambo ya rangi. Hiyo stori hata Tana River unaijua, ni vile tu kwetu badala ya viatu ni shamba ama mifugo.

1884 wakamtuma London akafanye kazi na ashike Kiingereza. Kiingereza alishika kidogo. Kitu alishika zaidi ni ukumbi unaoitwa Egyptian Hall, mahali wasee wa mazingaombwe walikuwa wanapotea na kutokea kwa jukwaa kila jioni. Akaanza kwenda huko, na kurudi, na kurudi tena. Alipofika Paris mwaka uliofuata akawekwa kwa mashine za kiwanda, akaoa dem anaitwa Eugénie Génin, lakini kichwa yake ilikuwa bado London. Na angalia hapa: zile mashine za viatu hazikuwa hasara. Kuzitengeneza ndiko kulimfundisha kutumia mikono, na bila hiyo mikono hii stori ingeisha hapa.

1888 mzae akastaafu. Georges akauzia mabro wake sehemu yake ya kiwanda na hizo chapaa akanunua Théâtre Robert-Houdin, ukumbi mdogo wa mazingaombwe katikati ya Paris. Miaka kadhaa alikuwa anapanga shoo, anachora mandhari, anabuni trick, anapanda jukwaani mwenyewe. Kama si kilichotokea 1895, angekufa kama mchezaji wa mazingaombwe wa kawaida, tusingemjua.

Tarehe 28 Disemba 1895 ndugu Lumière walionyesha picha zao zinazotembea kwa watu kwenye Grand Café. Méliès alikuwa amealikwa. Wengine waliona maajabu ya sayansi, yeye akaona shoo. Akawatolea ofa ya faranga 10,000 wamuuzie mashine. Wakakataa. Basi akavuka tena hadi London, akanunua projekta kwa fundi Robert Paul, akaifungua, akaigeuza ikawa kamera. Msee wa viatu hajafundishwa na mtu. Kufikia 1896 alikuwa anarekodi.

Mwanzo alirekodi vitu vya kawaida kama kila mtu: treni, barabara, watu wanacheza karata. Halafu kuna stori alisimulia mwenyewe, na watafiti wengine huitilia shaka, ati siku moja alikuwa anarekodi pale Place de l'Opéra kamera ikakwama. Akaitoa mkwamo, akaendelea. Alipoangalia ile filamu baadaye, basi la abiria likageuka ghafla kuwa gari la maiti, na wanaume wakawa wanawake. Iwe kweli ama alipamba, na mtu wa jukwaa hupamba, mwaka huo huo alikuwa anatumia hiyo trick makusudi: kwenye Escamotage d'une dame dem anakaa kwa kiti, kamera inasimamishwa, dem anatoka, kamera inaendelea, dem amepotea. Huyo dem alikuwa Jehanne d'Alcy. Shika hilo jina, atarudi.

Akajenga studio huko Montreuil, nje kidogo ya Paris. Ilikuwa ya vioo, kuta na paa, ili jua liingie, juu taa za umeme za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kutosha. Kampuni akaiita Star Film. Kati ya 1896 na 1913 alitoa filamu zaidi ya 500. Aliandika, akachora, akashona, akaelekeza, na mara nyingi yeye ndiye alikuwa staa.

Sasa tufike kwa ile kitu imetuleta hapa.

1898 alitoa Un homme de têtes, ya kama dakika moja. Méliès anatoka, anang'oa kichwa chake anakiweka mezani, kingine kinaota shingoni. Anang'oa tena, kinaota tena. Mwishowe vichwa vitatu viko mezani vinapiga stori, cha nne kiko shingoni, na yeye anachukua banjo anawapigia. Vichwa vikaanza kuimba vibaya, akakasirika, akavipiga na hiyo banjo. Comedy ya Kenya ya 2020, miaka 122 mapema.

Halafu 1900 ikaja L'Homme orchestre. Viti saba vimepangwa mstari. Méliès anakaa cha kwanza, anajigawa, wa pili anakaa kiti kinachofuata, anajigawa tena, hadi viti vyote vimejaa Méliès, kila mmoja na chombo chake cha muziki, na bendi inapiga. Wote ni yeye. Baadaye wanarudi ndani ya mmoja.

Alifanyaje? Kama umewahi kujaribu kwa simu unajua njia ya siku hizi. Simu isitikisike hata nywele. Unajirekodi upande wa kushoto, halafu unajirekodi upande wa kulia, unaingia CapCut, unaweka klipu moja juu ya nyingine, unachora maski, unaficha nusu. Ukikosea, unafuta, unarudia. Hasara ni chaji tu.

Méliès hakuwa na mahali pa kuweka klipu juu ya klipu. Kila kitu kilifanyika ndani ya kamera, kwa mkanda ule ule mmoja. Siri ilikuwa rangi nyeusi. Filamu ni kitu inashika mwanga: mahali mwanga umegonga, picha inabaki, mahali ni giza, mkanda unabaki kama mpya. Kwa hivyo alitandika kitambaa cheusi nyuma, akajirekodi mahali pamoja tu pa fremu. Akafunga lenzi, akarudisha mkanda nyuma hadi alipoanzia, akahama upande, akarekodi tena juu ya mkanda huo huo. Yule wa kwanza yuko, hajaguswa, na wa pili sasa anaota kando yake. Bendi ya watu saba inamaanisha mkanda umepita kwa kamera mara saba.

Na kamera ilikuwa ya kuzungushwa na mkono. Ili Méliès wa tatu amgeukie Méliès wa nne wakati ule ule wa nne anamgeukia, ilibidi kila mzunguko uhesabiwe, na yeye ahesabu pia kichwani huku anacheza. Hakuna kuona ulichorekodi. Unaigiza na mtu hayuko, unaangalia hewa, unaamini hesabu yako.

Mwaka 1907 aliandika makala kuhusu kazi yake, na humo anaeleza vile hii kitu ilikuwa inamtoa jasho. Mkono ukivuka mpaka ukapita mbele ya yule mwingine, basi mnapata mtu wa kioo, unaona nyuma yake, na picha imeharibika. Mkanda ukikatika raundi ya saba ama ya nane, raundi zote zilizotangulia zimekwenda na maji. Unaanza na mkanda mpya, kutoka kiti cha kwanza. Wenye huediti mnajua hilo kosa la mkono. Kwa simu mkono hukatwa pale kwenye mstari wa maski, kama panga imepita. Kwa Méliès uligeuka jini. Dawa ni ile ile: kabla ya kurekodi, chora mpaka chini kwa mchanga, na usiuvuke. Na ukirekodia Hola, ya pili ni kivuli. Jua la huku halingojei mtu abadilishe nguo. Ukichelewa dakika kumi kivuli cha mwembe kimehama, na upande mmoja wa fremu una saa yake na mwingine una yake. Upepo ukipiga majani pale kwenye mstari, umeumbuka. Ndio maana Méliès alijifungia kwa nyumba ya vioo na kitambaa cheusi.

1903 akarudi na Le Mélomane, na hapa ni kama alikuwa anajionyesha tu. Yeye ni mwalimu wa muziki, nyaya za simu ziko juu kama mistari ya nota, na anang'oa kichwa chake anakitupa kwa waya, kingine kinaota, anatupa, hadi vichwa vimekaa juu kama nota za wimbo wa taifa wa Uingereza. Mimi nadhani hii ndiyo kali kuliko zote, hata kuliko ile ya mwezi ambayo kila mtu huitaja.

Lakini ile ya mwezi lazima tuiguse, juu hapo ndipo shida ilianzia. Le Voyage dans la Lune ilitoka 1902, ya kama dakika 14, ndefu sana kwa wakati huo, na ilimgharimu kama faranga 10,000. Ni ile ya roketi imemchoma mwezi jichoni. Ikalipuka dunia nzima. Marekani walijaa kuitazama, na Méliès hakuona sehemu kubwa ya hiyo pesa, kwa sababu kampuni za huko, ya Thomas Edison ikiwa mojawapo, zilichapa nakala zao zikauza kama mali yao. Yule yule Edison wa vitabu vya shule. Kama umewahi kupata klipu yako kwa peji ya mtu mwingine, jina lako limefunikwa, na yeye ana maelfu ya watazamaji, basi wewe na Méliès mngeelewana. Mwaka uliofuata alimtuma bro wake Gaston afungue ofisi New York kulinda mali. Ilisaidia kiasi.

Shida ya pili ilikuwa venye alikuwa anauza. Nakala aliziuza kwa mita, kama kitambaa sokoni. Mwenye shoo ya maonyesho ya mtaani ananunua mara moja, anaonyesha hadi mkanda uchakae, na hiyo ndiyo mara ya mwisho Méliès anaona pesa yake. Pathé, kampuni kubwa, walishtuka mapema. Kutoka 1907 walianza kukodisha filamu badala ya kuziuza. Wao wakawa kiwanda, yeye akabaki fundi na karakana yake. Na watazamaji nao walikuwa wanahama. Walitaka stori ndefu, watu wanaolia na kupendana, kamera inayosogea. Yeye bado alikuwa na kamera imesimama palepale na mashetani yanapotea kwa moshi.

1911 akasaini na Pathé. Wao watatoa pesa za kutengeneza filamu, wao watasambaza, na wao wana haki ya kuzikata wanavyotaka. Yeye akaweka dhamana: nyumba yake na studio ya Montreuil. Manze. Filamu kubwa ya huo mkataba, À la conquête du pôle ya 1912, ina jitu la theluji linalomeza watu, na kazi ilikuwa safi, lakini haikuuza. Zilizofuata Pathé walizipitisha kwa mkasi. Wakati huo huo Gaston alikuwa amefunga safari ya kurekodi visiwa vya Pasifiki na Asia, pesa zikaishia huko, mabro wakakosana kabisa. Gaston alikufa 1915 bila wao kuongea tena. Eugénie alikuwa ameshakufa, 1913. Kufikia hapo Méliès alikuwa ameacha kutengeneza filamu.

Vita vikaanza 1914. Studio kubwa ikageuzwa hospitali ya wanajeshi. Jeshi la Ufaransa likachukua nakala za filamu zake zaidi ya 400 likaziyeyusha kutoa fedha iliyo ndani ya mkanda, na plastiki iliyobaki ikatumika kutengeneza visigino vya viatu. Kijana aliyekimbia viatu vya mzae wake. Hiyo mimi nisingeweza kuitunga.

1923 ndio kila kitu kiliisha. Pathé wakachukua Montreuil. Théâtre Robert-Houdin ukabomolewa kupisha barabara ya Boulevard Haussmann. Na Méliès, amefungasha, anaondoka, hana mahali pa kuweka masanduku ya negativu zake, akazichoma. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Vitu alivyorekodi mara saba kwa mkanda mmoja, viliwaka haraka, juu mkanda wa zamani uliwaka kama petroli. Alikuwa na miaka 61.

1925 alimuoa Jehanne d'Alcy, yule dem aliyepotea kwa kiti 1896. Jehanne alikuwa na kibanda cha kuuza vitu vya watoto na peremende ndani ya stesheni ya treni ya Montparnasse. Méliès akakaa huko siku nzima, majira ya baridi na yote, mzee wa ndevu nyeupe anauzia watoto wa wasafiri wanasesere, na hakuna aliyejua ni nani. Miaka ya mwisho ya muongo huo mhariri wa gazeti la filamu, Léon Druhot, akamtambua. Waandishi wakaanza kumtafuta. Nakala chache zikapatikana, na Disemba 1929 Paris ikamwandalia usiku wake kwenye Salle Pleyel, watu wakasimama. 1931 akapewa nishani ya Légion d'honneur, na aliyemkabidhi ni Louis Lumière, wale wale waliomkatalia mashine. Mwaka uliofuata akapata nyumba kwenye makao ya wazee wa filamu huko Orly, pamoja na Jehanne na mjukuu wake Madeleine. Alikufa kwa kansa tarehe 21 Januari 1938, akazikwa Père Lachaise. Kukodi si shida tena huko.

Kitu moja ambayo haiko kwa stori za Wafaransa, lakini inatuhusu. Mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, 1939, Waingereza walianzisha Colonial Film Unit, kitengo cha kutengenezea makoloni filamu, sisi tukiwemo. Bosi wake William Sellers alikuwa na sheria: filamu za Waafrika ziwe polepole, na zisiwe na trick za kamera, ati tutachanganyikiwa. Ati Mwafrika akiona mtu amepotea kwa kiti akili yake itakwama. Serikali hiyo hiyo, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 wa Mau Mau walipopigwa hadi kufa kwa kambi ya Hola, taarifa yake ya kwanza ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Nani alikuwa anacheza trick hapo, jaza mwenyewe.

Na trick ya Méliès haikukwama. 1921 Buster Keaton wa Marekani alitoa The Playhouse, amejaza ukumbi mzima na yeye mwenyewe, ikiwemo fremu moja yenye Keaton tisa jukwaani, kamera bado ya kuzungusha kwa mkono. 2011 Martin Scorsese alitoa Hugo, ambapo Ben Kingsley ni Méliès wa kile kibanda cha stesheni. Itafute, usilie.

Za Méliès mwenyewe, zaidi ya nusu zimepotea. Kama 200 hivi zimebaki, nyingi kwa sababu ya Madeleine, aliyetumia miaka mingi kusaka nakala. Na hapa kuna kitu ya kuchekesha kidogo: sehemu ya zilizookoka ziliokolewa na watu walionunua zile nakala za mita, wakazisahau kwa masanduku. 1993 nakala ya ile ya mwezi iliyopakwa rangi kwa mkono ilitokea Barcelona, imegandana kama mkate. Ilichukua hadi 2011 kuitenganisha na kuirekebisha, ikaonyeshwa Cannes, roketi iko palepale jichoni.

L'Homme orchestre iko mtandaoni bure. Ni kama dakika moja na nusu, haikuli bando. Itazame mara ya kwanza kwa raha. Mara ya pili chagua Méliès mmoja tu, usimwachie jicho, uone anamtazama nani.